Mela Dimoni Asimamishwa Kazi

Jina la nchi yenyewe halitatajwa hapa, na si kwa woga. Ombi la kulitaja limeandikwa, limepelekwa, na sasa linapitia ngazi husika. Siku litakaporudi na saini zake zote jina litatajwa, kama msomaji atakuwa bado yu hai. Kwa leo itoshe kusema kwamba ni nchi yenye adabu kupita kiasi. Huko mtu hamwandikii mkubwa moja kwa moja. Karani mwenye shida na mkurugenzi humwandikia kupitia kwa msimamizi wake, kupitia kwa mkuu wa kitengo, kupitia kwa mkuu wa idara, na maneno hayo mawili, Kupitia Kwa, hukaa juu ya barua kabla ya salamu na kabla ya shida yenyewe. Watoto wa darasa la kwanza hufundishwa kuyaandika kabla hawajafundishwa kuandika majina yao. Barua ikichelewa miezi sita hakuna anayelalamika, maana malalamiko nayo yana njia yake.

Barua pepe ilipoingia nchini, wakubwa walipigwa na butwaa. Walielezwa kwamba ni barua inayotoka kwa huyu na kumfikia yule papo hapo, bila kupita kwa mtu, wakaona huo ni utovu wa nidhamu wa kimataifa. Wangeipiga marufuku, lakini walikuwa wameshazindua Serikali Isiyotumia Karatasi. Mafaili yote yalikuwa yamechomwa kwenye uwanja wa mpira mbele ya bendi ya polisi, na shule tatu za jirani zilifungwa kwa sababu ya moshi. Karatasi hazikuwepo tena, isipokuwa za forodha na polisi. Ikabidi barua pepe ifundishwe adabu.

Katika Shirika la Taifa la Ugavi wa Vifaa vya Tiba, kwa kifupi SHITUVITI, aliyepewa kazi ya kuifundisha alikuwa Bi. Sikudhani Mabewa, mtaalamu wa seva ya barua pepe. Ofisi yake ilikuwa chumba cha seva chenyewe, ghorofa ya chini, penye baridi ya kugandisha, akakaa humo mwaka mzima na sweta la kahawia huku nje watu wakijipepea kwa magazeti. Aliipanga mipangilio kama alivyoagizwa. Barua ya karani iliingia kwanza kwenye sanduku la msimamizi, ikapanda kwa mkuu wa kitengo, ikapanda tena, mpaka ikafika kileleni, na kutoka kileleni ndipo ikaruhusiwa kwenda duniani; za kutoka nje nazo zilianzia kileleni zikashuka. Wakubwa wenyewe hawakuzisoma. Ilitosha kwamba zimepita kwao, na mashine ilizipitisha yenyewe kwa sekunde chache, kwa hiyo kila mtu aliridhika na kazi zikaenda.

Zikaenda mpaka siku ya kuzindua lifti.

Siku hiyo, Ijumaa, Mkurugenzi Mkuu Dakta Ndomondo na Mwenyekiti wa Bodi, Jenerali mstaafu Kitwasi, walifika mlangoni pa lifti kwa wakati mmoja. Hakuna aliyekubali kuingia wa pili. Waliingia pamoja, wakiwa watu wenye miili iliyotunzwa vizuri na taifa, wakakwama pale mlangoni kwa dakika arobaini huku bendi ikirudia wimbo uleule. Walipochomolewa hawakuwa wakisemezana tena. Alasiri hiyo Jenerali alidai kwamba tangu siku hiyo barua zote za Shirika zimalizikie kwake, kwa kuwa Bodi ndiyo iliyo juu ya Mkurugenzi. Dakta alijibu kwamba Bodi hukutana mara nne kwa mwaka kunywa chai, na kwamba kilele ni yeye.

Aliyeitwa kuamua alikuwa Bwana Mlekwa, Afisa Itifaki, mtu mwembamba wa suti ya kijivu aliyeheshimiwa kwa sababu hajawahi kumuudhi mtu yeyote mwenye gari la serikali. Alifikiri kwa saa nzima, kisha akashuka kwenye chumba cha seva na maagizo. Barua ikimfikia Mkurugenzi Mkuu, itapitia kwa Mwenyekiti. Ikimfikia Mwenyekiti, itapitia kwa Mkurugenzi Mkuu. Hivyo hakuna atakayekuwa chini ya mwenzake.

Sikudhani aliyasikiliza mara mbili, akidhani amesikia vibaya. Alimweleza kwamba barua itatoka kwa Dakta iende kwa Jenerali, irudi kwa Dakta, iende tena kwa Jenerali, na haitatoka humo milele.

"Bi. Sikudhani," alisema Mlekwa kwa upole, "heshima haina mwisho."

Sikudhani akaandika alichoambiwa kuandika. Kisha ukaletwa utaratibu wa kuifunga mipangilio ili mkubwa mmoja asije akamzunguka mwenzake: neno la siri lenye nusu mbili, nusu moja akawekewa Dakta, nusu ya pili akawekewa Jenerali, kila mmoja akaibonyeza kwa kidole chake huku mwenzake amegeuzwa ukutani. Sikudhani, ambaye ndiye mtaalamu, hakupewa hata herufi moja.

*

Jumatatu hakuna barua iliyotoka wala iliyoingia. Zote zilirudi.

Sikudhani alifanya kinachofanywa na mafundi wote duniani. Alijitumia barua ya majaribio yenye neno moja, "Jaribio", akafungua kumbukumbu za seva na kuitazama ikisafiri. Ilipanda ngazi zake vizuri mpaka kileleni, halafu kioo cha kompyuta kikajaa majina mawili tu: Ndomondo, Kitwasi, Ndomondo, Kitwasi, Ndomondo, Kitwasi. Mara ya ishirini na tano seva ilichoka. Mashine hiyo, iliyotengenezwa na watu wasiojua adabu za nchi, iliona barua inazunguka bila kufika, ikairudisha kwa aliyeituma pamoja na maelezo mafupi: ujumbe wako umepita mikono mingi mno, nimejaribu, nimeshindwa, samahani. Chini yake ilitia jina ambalo mashine za barua pepe hujiita pote zinaporudisha barua: Mela Dimoni.

Kosa lilikuwa mstari mmoja. Kuufuta, kama angekuwa na lile neno la siri, ni kazi ya muda wa kunywa kikombe cha chai. Angekuwa fundi wa mabomba angeshafunga koki na kuondoka.

Lakini miongoni mwa barua zilizorudishwa aliiona moja kutoka ng'ambo. Ilitoka kwa Bi. Annelise wa kampuni inayouza vichujio vya mashine za kusafisha damu. Bi. Annelise aliarifu kwamba shehena ya vichujio iliyoagizwa na SHITUVITI iko tayari kwenye ghala la nchi jirani na inaweza kupakiwa kwenye ndege wakati wowote. Alichotaka ni neno moja la kuthibitisha kutoka kwenye anwani ya Shirika. Asipolipata kufikia Jumatano saa sita mchana, shehena itapewa nchi nyingine inayoisubiri.

Sikudhani alimjua mtu anayeisubiri. Mdogo wake, Somoe, mwalimu wa kushona, figo zilikuwa zimemwacha mwaka wa pili sasa. Jumanne na Ijumaa alilazwa kwenye mashine ya hospitali kuu kwa saa nne, damu yake ikatolewa, ikapitishwa kwenye kichujio, ikarudishwa. Muuguzi alikuwa amemwambia Sikudhani waziwazi kwamba vichujio vilivyobaki ni vya Jumanne tu. Ijumaa hakuna. Somoe akikosa Ijumaa, maji yatampanda mpaka kwenye mapafu, na hakuna anayejua kama Jumatatu itamkuta.

Alijaribu kwanza kumwandikia Bi. Annelise kwa anwani yake mwenyewe ya nyumbani. Alijibiwa kwa adabu kwamba kampuni haiwezi kutoa shehena kwa mtu binafsi, maana walishawahi kuibiwa hivyo. Hakuwalaumu. Akapanda ghorofa ya tisa kwa ngazi, kwa kuwa lifti ilikuwa bado inachunguzwa.

Dakta Ndomondo alimpokea vizuri. Alikuwa mtu anayependa kupokea. Sikudhani alimweleza mstari ulivyo, barua inavyozunguka, vichujio vinavyosubiri na tarehe yenyewe, na Dakta alitikisa kichwa kila baada ya sentensi mithili ya mtu anayesikiliza taarabu. Hakuwa amewahi kufungua sanduku lake la barua pepe. Katibu wake alimchapia zile muhimu, na kwa kuwa karatasi ni marufuku, zilichapwa kwa ajili ya kusomwa tu. Alipomaliza kusikiliza alisema kwamba suala la vichujio liko moyoni mwake, kwamba yeye binafsi ana figo na anafahamu umuhimu wake, na kwamba angefurahi kutoa nusu yake ya neno la siri endapo ataombwa kwa maandishi.

"Nitaandika sasa hivi, Mheshimiwa," alisema Sikudhani.

"Vizuri. Tuma kwa barua pepe," alisema Dakta. "Kupitia kwa Mwenyekiti."

Jenerali Kitwasi, aliyepigiwa simu nyumbani kwake, alijibu hivyo hivyo, ila yeye alitaka iletwe kupitia kwa Mkurugenzi Mkuu, na akaongeza kwamba jeshini mtu angepigwa risasi kwa kuuliza. Sikudhani aliziandika barua zote mbili huku akijua zitakakoishia. Zilizunguka mara ishirini na tano kila moja, zikarudi kwake, zimesainiwa Mela Dimoni.

*

Jumanne asubuhi Bwana Mlekwa aliletewa rundo la barua zilizorudi, zimechapwa kwa ajili ya kusomwa tu, akalisoma lote, kisha akafunga mlango wa ofisi yake. Hakuwa mpumbavu. Alijua kusoma. Kilichomshtua ni yale maneno "mikono mingi mno". Barua ya Mkurugenzi Mkuu imepita mikono mingi mno? Mikono ya nani? Huyu Mela Dimoni anamaanisha nini anapozungumzia mikono ya wakubwa katika Shirika linalofanya manunuzi? Na kwa nini anasema ameshindwa, wakati mtumishi wa umma haruhusiwi kushindwa bila kibali?

Idara ya Utumishi iliulizwa. Ilipekua orodha ya wafanyakazi mia sita na kumi na nne, haikumwona mtu wa jina hilo. Hapo jambo likawa zito, maana serikali ilikuwa imetangaza vita dhidi ya watumishi hewa, wale ambao majina yao yamo kwenye orodha lakini watu wenyewe hawaonekani kazini. Huyu alikuwa kinyume chake. Yuko kazini usiku na mchana, lakini kwenye orodha hayumo. Wataalamu wa utumishi walikiri kwamba hawajawahi kukutana na kitu kama hicho.

Ikaundwa tume ya watu saba chini ya Mlekwa. Ilikaa kwenye ukumbi wa mikutano, ikanywa chai na sambusa, ikamwita Sikudhani. Aliwaeleza taratibu, kwa Kiswahili cha kueleweka, kwamba Mela Dimoni si mtu. Ni jina tu ambalo mashine hutumia inaporudisha barua. Linatumika dunia nzima.

"Dunia nzima," alirudia Mlekwa, na mjumbe mmoja akaandika: ana mtandao wa kimataifa.

Kwa kufuata haki, tume ilimwandikia mtuhumiwa barua ya onyo la kwanza kwa barua pepe. Barua ilipanda, ikazunguka, ikarudi: nimejaribu, nimeshindwa, samahani. Wajumbe walitazamana. Hakuna mtumishi wa nchi ile aliyewahi kujibu barua ya ofisi ndani ya dakika moja. Wakamwandikia onyo la pili, kali zaidi, wakajibiwa kwa kasi ileile na kwa maneno yaleyale. Mjumbe aliyewahi kuwa mwalimu mkuu alisema katika maisha yake ya kazi hajaona jeuri iliyotulia namna hiyo. Saa nane mchana Mela Dimoni alisimamishwa kazi kupisha uchunguzi. Aliarifiwa. Alijibu kwamba ameshindwa kufikisha.

Sikudhani alitoka humo akaenda hospitali. Somoe alikuwa kitandani, mkono umenyooshwa, mashine ikigeuza damu yake polepole. Uso ulikuwa umemvimba, lakini mdomo wake ulikuwa mzima.

"Dada, nimesikia kuna mtu kazini kwenu kafukuzwa kwa kujibu barua."

"Kasimamishwa tu."

"Mpe pole. Mwambie hapa kuna nafasi." Kisha akamtazama dada yake sawasawa. "Vipi vichujio?"

Sikudhani alisema vinashughulikiwa. Neno hilo alilisikia likimtoka mdomoni, neno la wale watu wa ghorofa ya tisa, akajichukia. Somoe alifumba macho, na dada mtu akabaki amekishika kile kidole chake cha mshonaji chenye sugu ya sindano.

*

Jumatano, siku ya mwisho, Sikudhani aliingia kazini saa moja asubuhi na kufungua sanduku ambalo hakuna mtu mwingine aliyejua kwamba lipo. Ni sanduku la mashine yenyewe, ambako huingia majibu ya watu wanaomjibu Mela Dimoni. Kwa kawaida huwa na takataka. Safari hii ilikuwemo barua ya Bi. Annelise.

"Ndugu Dimoni," aliandika yule mama wa ng'ambo, "tangu Jumatatu nimeliandikia Shirika lenu mara kumi na moja, na wewe ndiye mtu pekee anayenijibu. Unajibu haraka, unaeleza tatizo kwa kifupi, na kila mara unaomba radhi. Nimefanya kazi na mashirika mengi na sijazoea hilo. Nakuomba wewe unithibitishie shehena."

Sikudhani aliisoma mara tatu. Halafu akavuta kiti na kuanza kuipekua mipangilio, ile sehemu aliyoruhusiwa kuisoma bila kuigusa, na akagundua jambo ambalo Mlekwa na wakubwa wake wawili hawakulifikiria. Kila mtu katika Shirika alikuwa ameandikiwa barua zake zipitie kwa nani. Karani, mhasibu, dereva, Dakta, Jenerali. Mashine haikuandikiwa, kwa kuwa mashine haina mkubwa. Barua yenye jina la Mela Dimoni ilitoka mlangoni moja kwa moja ikaenda zake.

Alikuwa bado anaikagua mipangilio kwa mara ya pili pale mlango ulipofunguliwa. Bwana Mlekwa aliingia na mzee mmoja mwenye kanzu nyeusi na chetezo, akamtambulisha kuwa ni mtaalamu wa tiba asili, mshindi wa zabuni, aliyekuja kushughulikia upande wa pili wa suala. Tume ilikuwa imebaini kwamba hilo jina Dimoni si la hivi hivi, kwamba kwa Kiingereza ni pepo. Sikudhani alisimama mbele ya seva akawasihi, akawaambia chumba kile hakitaki moshi, kina kifaa cha kunusa moto. Mlekwa alimwambia ubani si moto. Mzee aliwasha, akazunguka mashine mara saba akiliamuru Dimoni litaje ukoo wake, na kwenye mzunguko wa nne king'ora kililia na seva ikajizima yenyewe. Zilikuwa saa tano kasorobo.

Kimya kilichofuata kilimfurahisha Mlekwa sana. Alimpa mzee mkono, akaenda kuripoti kwamba mtuhumiwa amenyamaza.

Seva ile huchukua nusu saa kuamka, nusu saa nyingine kujikagua. Sikudhani alifungua milango, akapunga moshi kwa sweta lake, akakaa sakafuni akizitazama taa ndogo za kijani zikiwaka moja baada ya nyingine. Machozi yalimtoka kwa ubani na kwa mengine. Alikuwa na miaka kumi na sita katika Shirika hilo, hajawahi kuchelewa, hajawahi kuchukua hata kalamu ya ofisi, na sasa alikuwa akiomba mashine iamke kabla saa sita haijafika ili atumie jina la shetani. Aliwachukia wote. Alilisema kwa sauti, peke yake mle ndani: nawachukia wote.

Saa sita kasoro dakika tisa seva iliamka. Aliandika: "Bi. Annelise, nathibitisha. Tafadhali pakieni leo. Mela Dimoni, SHITUVITI." Hakuandika Kupitia Kwa. Vidole vyenyewe vilisita mahali pale, kwa mazoea, akavilazimisha kupita.

Jibu lilirudi kabla ya saa sita. Shehena ingefika Alhamisi jioni, na mpokeaji aliyeandikwa kwenye hati, ambaye lazima asaini mwenyewe, ni Ndugu Mela Dimoni.

*

Ijumaa saa mbili asubuhi, kwenye ofisi ya forodha ya uwanja wa ndege, masanduku arobaini ya vichujio yalikuwa yamepangwa nyuma ya waya. Mbele ya waya palikuwa na meza, na nyuma ya meza ofisa wa forodha, bwana wa makamo aliyevaa tai fupi. Ukutani nyuma yake ilibandikwa ilani mpya yenye muhuri wa serikali, iliyotolewa seva ilipoamka na mtuhumiwa akaanza tena kujibu: Mela Dimoni anatafutwa kwa kosa la kujibu barua bila kupitia kwa mtu. Mahali pa picha palikuwa patupu.

Sikudhani alikuwa ameshampigia muuguzi simu. Somoe ameletwa hospitali tangu alfajiri, miguu imevimba, anahema akiwa amekaa kwa sababu akilala hapumui. Mashine iko tayari. Kinachokosekana ni kichujio.

Alieleza kwamba amefuata mzigo wa Shirika. Ofisa alimkaribisha, akamwita dada, akafungua hati.

"Mzigo huu ni wa Mela Dimoni. Lazima aje mwenyewe."

Sikudhani aliitazama ile ilani, akayatazama masanduku. Alimfikiria Mlekwa akipeana mkono na mzee wa ubani, akamfikiria Dakta akitikisa kichwa. Hakuwa mtu wa kusema uongo, na hata sasa hakuona kama anasema uongo. Aliyejibu barua ni nani, kama si yeye?

"Amekuja," alisema. "Ni mimi."

Ofisa hakushtuka. Miaka mingi mezani ilikuwa imemtoa kwenye mambo ya kushtuka. Aliomba kitambulisho chenye jina hilo. Sikudhani alisema hana, ila hati yenye jina lake na muhuri wa serikali iko nyuma yake ukutani. Ofisa aligeuka, akaibandua ilani, akaikagua mbele na nyuma, akaupitisha muhuri kwenye mwanga. Muhuri ulikuwa halali. Akatoa nakala na kuiambatanisha kwenye fomu.

"Saini hapa. Na hapa. Kutoa mzigo ni fomu namba saba," alimweleza, "na kukamata mtu ni fomu namba kumi na tisa. Hapa tunakwenda kwa utaratibu, hatuwezi kuanza na kumi na tisa."

Kwa hiyo geti lilifunguliwa kwanza. Sikudhani alisimama akaangalia masanduku yakipakiwa kwenye gari la hospitali, akayahesabu yote arobaini kwa midomo, akaliangalia gari likipinda kona na kupotea. Kisha ofisa akaweka kalamu chini, akachukua fomu nyingine, na kwa heshima ileile akamwambia sasa yuko chini ya ulinzi.

*

Jumamosi mchana alikuwa kwenye benchi la kituo cha polisi, akiandikisha maelezo kwa koplo mmoja mnene mwenye mafua. Juu ya kaunta palikuwa na televisheni, na taarifa ya habari ya saa saba ilianza na hospitali kuu. Dakta Ndomondo na Jenerali Kitwasi walikuwa wamesimama wodini, kila mmoja upande wake wa kitanda kimoja, wameshika sanduku la vichujio kwa mikono minne kwa sababu hakuna aliyekubali kulishika wa pili. Mtangazaji alisema vichujio hivyo vimepatikana kwa juhudi binafsi za viongozi hao, ambao wakati huohuo wamefanikiwa kuvunja mtandao hatari uliojipenyeza katika Shirika. Bwana Mlekwa alionekana nyuma yao akipiga makofi bila kutoa sauti.

Kitandani alikuwa Somoe.

Sikudhani alisimama. Mdogo wake alikuwa amelala, amelala kabisa, chali, akipumua bila kuhema. Uso ulikuwa umepungua. Dakta aliinama kumkaribia, kipaza sauti kikaletwa, naye akaanza kueleza jinsi yeye binafsi alivyo na figo. Alieleza kwa muda mrefu. Jenerali, kwa kuogopa kuachwa, aliinama naye kwa upande wake na kuanza kueleza historia ya Bodi. Kisha wote wawili wakanyamaza pamoja, wakamtazama mgonjwa, wakangoja shukrani.

Somoe aliwatazama. Alijiinua kwa kiwiko, akafungua mdomo, na akatapika. Alitapika kwa wingi na kwa nguvu, kwanza kwenye viatu vya Mkurugenzi Mkuu, halafu, kwa haki, akageuza shingo upande wa Mwenyekiti wa Bodi.

Mgonjwa, alisema mtangazaji bila kupepesa macho, alizidiwa na furaha.

Sikudhani alicheka. Alicheka mpaka akashika kaunta, kisha kicheko kikageuka kilio, na koplo akasubiri akipangusa pua. Alipoona ametulia akamsogezea kikombe cha maji, akarudi kwenye fomu yake. Alikuwa ameshajaza jina, kosa na mahali. Palibaki mstari wa juu kabisa.

"Sasa, mama, maelezo haya lazima yaende kupitia kwa mkubwa wako wa kazi. Mkubwa wako nani?"

"Wa Mela Dimoni?"

"Ndiyo. Huyo huyo."

"Hana," alisema Sikudhani. "Ndiyo maana barua ilifika."